Ufundi Uliochelewa Kufika Umatengo

Kompyuta ya kwanza Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haikupita hata miaka kumi, serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Ilikuwa 1974: mpango wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ulikuwa umekwenda kombo, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Aliyetaka kompyuta aliomba kibali maalumu.

Marufuku hiyo ililegezwa taratibu, lakini iliacha pengo. Wakati vijana wa Marekani miaka ya 1980 wakifungua na kufunga IBM PC zao nyumbani, hapa Tanzania hapakuwa na cha kufungua.

Ndiyo maana fundi wa Umatengo, nchi ya Wamatengo mkoani Ruvuma, kuanzia Mbinga mjini hadi Maguu, hakurithi kazi ya kutengeneza kompyuta kwa baba wala mjomba, kama alivyorithi kilimo cha mashimo cha ngoro na kahawa. Aliianzia kwenye mitumba na mashine za kuunga: kasha la huku, mazabodi (bodi kuu) ya kule, ramu (kumbukumbu ya muda) iliyochomolewa kwenye kompyuta iliyokufa. Ramu mbili zisizolingana ama zilikwenda kwa mwendo wa ile ya polepole, ama ziligoma kabisa.

Kisha kuna umeme. Kabla ya 2018 Songea na Mbinga hazikuwa kwenye gridi ya taifa. Shirika la umeme, TANESCO, liliwasha jenereta za dizeli, na umeme ulikatika mara kwa mara. Tangu kiwango cha muundo wa kompyuta cha ATX cha mwaka 1995, kompyuta iliyochomekwa ukutani hupata umeme kidogo hata ikiwa imezimwa, na huo ndio unaoiendesha saa yake. Umeme ukikatika, mzigo wote huangukia betri ndogo ya CR2032 ya volti 3 iliyo juu ya mazabodi. Kila saa ya giza huila betri hiyo. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, mipangilio ya BIOS, programu ya kuiwasha mashine, hupotea, na mashine husimama ikidai ubonyeze F1. Mwenye mashine hulalamikia virusi. Dawa ni betri mpya na kupanga saa upya.

Lililotisha zaidi ni kuandika upya programu ya BIOS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi nyingi za zamani haziwaki tena. Fundi mwenye busara hakuigusa bila UPS, betri ya akiba ya kompyuta.

Ramu mbovu nayo ilijishitaki kwa sauti: mashine inapiga mlio baada ya mlio, kioo cheusi. Fundi huchomoa waya ukutani, hubonyeza swichi ili chaji iliyobaki iishe, hutoa ramu na kusugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli. Huipangusa kwa kitambaa kikavu, kisha huirudisha peke yake, tundu moja baada ya jingine, mpaka mlio ukome. Kuna programu ya Memtest86 inayopima kwa uhakika zaidi, ila huhitaji saa nyingi za umeme usiokatika, na hapo ndipo ilipokuwa shida.

Njia ya umeme ya Makambako–Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, ilipoanza kazi mwaka 2018, jenereta zikazimwa. Betri za saa sasa zinadumu zaidi. Lakini wateja wamehamia kwenye laptopu, na katika nyingi kati ya zile mpya nyembamba, ramu imechomelewa kwenye bodi, haichomoki.