Sataranji ya Kasi: Kutoka Saa ya London hadi Simu ya Kericho

Mtindo wa mchezaji hodari wa sataranji ya kasi mtandaoni, awe Moscow au Litein huko Kericho, ulizaliwa na saa zaidi ya ubao, kwa kuwa mchezo huo, uliotoka India na kupitia Uajemi, ulichezwa kwa karne nyingi bila kikomo cha muda, na katika karne ya 19 mtu aliweza kumshinda mwenzake kwa kumchosha tu. Saa za mchanga zilijaribiwa mwaka 1861. Kisha, katika mashindano ya London ya mwaka 1883, zikatumika saa mbili zilizounganishwa, zilizobuniwa na Thomas Bright Wilson wa Manchester, ambapo moja husimama pindi nyingine inapoanza kwenda. Tangu hapo muda ukawa mali ya mchezaji, nayo yaweza kumwishia ilhali mfalme wake yu salama.

Kasi yenyewe haikuwa ngeni Afrika Mashariki. Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, fundi hutazamiwa kujua kwa macho mahali atakapolala, yaani pale mzunguko wa kusambaza kete utakapokoma, wala hahesabu kwa kidole. Kwa upande wa sataranji, heshima ya mchezo wa dakika tano iliimarishwa na Bobby Fischer, aliyepata alama 19 kati ya 22 huko Herceg Novi, Yugoslavia, mwaka 1970.

Lililoibadili kasi hiyo kabisa ni mtandao, na hapa nchi ya chai ina somo lake. Kericho, ambako kampuni za Brooke Bond na African Highlands zilifungua mashamba makubwa ya chai katika miaka ya 1920, pamoja na Bomet jirani yake, zilikuwa katika nchi ambayo intaneti yake ilitegemea setilaiti hadi kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009. Ishara ya setilaiti hizo ilichelewa kiasi cha nusu sekunde kwenda na kurudi. Katika mchezo wa dakika moja kwa kila upande, wenye hatua 40, ucheleweshaji huo pekee ungeweza kula sekunde 20, yaani theluthi ya muda wote, hata kama akili ya mchezaji haina kasoro. Seva ya Internet Chess Club, iliyoanza mwaka 1995, ilikuwa imekwisha kulishughulikia tatizo hilo kwa programu iliyopima muda kwenye kompyuta ya mchezaji mwenyewe.

Ndani ya mazingira hayo ndimo mtindo ulimokomaa. Mchezaji hodari hufungua mchezo kwa mpangilio anaoujua kwa moyo, huziweka kete zake zikilindana ili asilazimike kukagua kila hatari, hutoa vitisho vidogo vinavyomfanya mpinzani afikiri, na hutumia hatua ya awali, yaani hatua anayoiingiza kabla mpinzani hajacheza, ili itekelezwe papo hapo zamu inapomfikia. Wanaomdharau kuwa ana mkono mwepesi tu wanakosea, kwani hatua ya awali isiyopimwa humpotezea mtu malkia bure. Mkono huo huongozwa na mifumo mingi iliyohifadhiwa kichwani. Lichess, jukwaa lisilotoza ada lililoanzishwa na Thibault Duplessis mwaka 2010, liliuweka mchezo huu mikononi mwa yeyote mwenye simu na bando, ingawa kwa mchezaji wa vijijini Bomet mtandao unaoyumba ungali sehemu ya hesabu, na busara ni kuchagua dakika tatu badala ya moja.

Udhaifu huo si wa vijijini peke yake: katika fainali ya Olimpiadi ya mtandaoni ya mwaka 2020, wachezaji wawili wa India walipoteza michezo yao kwa muda baada ya muunganisho kukatika, na Shirikisho la Sataranji la Kimataifa, FIDE, likaamua kuzipa India na Urusi medali ya dhahabu kwa pamoja.