Kamanda Spicer-Simson na Vita vya Ziwa Tanganyika

Wako wengi katika wakazi wa Chinsapo, na wengi zaidi katika kambi ya Dzaleka, ambao wao au wazee wao walizaliwa kandokando ya Ziwa Tanganyika: Uvira, Baraka, Kalemie, Rumonge. Watoto wao waliozaliwa hapa Malawi huenda wasijue kwamba maji yale yalipiganiwa na Wazungu kwa mizinga, na kwamba afisa aliyepata nishani kwa vita hivyo hakuwa baharia wa kusifika.

Vita vya namna hiyo vilianzia katika ziwa la hapa. Mwezi wa Agosti 1914 Kamanda Rhoades wa meli Gwendolen aliipiga mzinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, nayo imepandishwa pwani kwa matengenezo huko Sphinxhaven, ambako leo ni Liuli katika Tanzania. Nahodha wa Kijerumani alikuwa rafiki yake, wala hakuwa amepata habari kwamba kuna vita.

Tanganyika haikuwa nyepesi hivyo. Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, walikuwa na meli za vita ziwani, na Waingereza hawakuwa na hata moja. Ndipo mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, alipotoa shauri mwaka 1915 kwamba mashua za mizinga ziletwe kutoka Uingereza, zipitishwe nchi kavu mpaka ziwani.

Aliyepewa kazi hiyo ni Geoffrey Spicer-Simson. Alizaliwa mwaka 1876 katika kisiwa cha Tasmania, akaingia katika jeshi la majini la Uingereza mwaka 1890. Kwa kujisifu hakuwa na mfano wake, ama kazi yake ilikuwa na mikosi mingi. Aliwahi kupandisha manowari mchangani, akaigonga mashua kwa nyingine. Na mwezi wa Novemba 1914 manowari Niger, iliyokuwa chini ya usimamizi wake, ilizamishwa mbele ya mji wa Deal naye yuko nchi kavu. Wenziwe walikuwa wakipanda cheo, yeye amebaki nyuma.

Mashua zilikuwa mbili, Mimi na Toutou, kila moja ya urefu wa futi 40. Zilifika Cape Town Julai 1915, zikapakiwa katika gari la moshi zaidi ya maili 2,000 hadi Fungurume katika Kongo ya Wabelgiji. Baada ya hapo reli ilikwisha, na mbele ikasimama milima ya Mitumba. Hapa ndipo penye vita vyenyewe, ijapokuwa vitabu hupenda kusimulia mizinga. Mamia ya Wakongo walikata miti, wakapasua njia na kujenga madaraja zaidi ya 100. Matrekta ya moshi yalikokota mashua, na yaliposhindwa palifungwa maksai. Na trekta lilipokaukiwa, wanawake walichukua maji vichwani kutoka mbali. Majina ya watu hao hayakuandikwa, wala hapana aliyewauliza kama wanataka kuchukua mzigo ule. Majina ya mashua yanajulikana hata leo.

Mwishoni mwa Oktoba walifika Lukuga, ambako leo ni Kalemie. Kamanda alikuwa akivaa nguo mfano wa sketi, na mwili wake umechorwa chale za nyoka. Wenyeji wakamwita Bwana Chifungatumbo, naye akalifurahia jina hilo.

Tarehe 26 Desemba 1915 meli Kingani ilitokea wakati Kamanda akiongoza sala ya askari wake. Hakuikatiza sala. Ilipokwisha, mashua zilitoka, na kwa muda mfupi Kingani ilitekwa, ikapewa jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann nayo ikazamishwa. Sifa zikamiminika kutoka London.

Kesho yake ikaonekana meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen. Maafisa walitaka kuiendea, Kamanda akakataa. Pengine alikuwa na haki, maana mzinga wake ulikuwa mkubwa kupita wake wote. Lakini mwezi wa Juni, huko Kasanga, alijitenga na ngome ya adui, na usiku Wajerumani wakatoroka kwa majahazi. Hilo ni gumu kulitetea. Muda si mrefu akarudi Uingereza mgonjwa. Alipewa nishani, wala hakupewa tena manowari. Baadaye alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya vipimo vya bahari, Monaco, tangu 1921 hadi 1937, na huenda kazi ya kalamu ilimfaa kuliko ya upanga. Alifariki Kanada mwaka 1947.

Ama ile Götzen, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma Julai 1916, wakiwa wamekwisha kuipaka mitambo yake mafuta mazito isiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Meli ile aliyoiogopa Kamanda ikachukua abiria na mizigo miaka mingi baada ya yeye kufa. Mwaka 1997 iliwarudisha makwao wakimbizi wa Kongo. Na mwezi wa Mei 2015, maelfu ya Warundi waliposongamana katika ufuko wa Kagunga, wana kipindupindu na hawana njia ya gari, Liemba ndiyo iliyowapakia, safari kwa safari, ikawashusha Kigoma.