Kipupwe au Pawa Stelingi? Kisa cha Gusheshe

Kuna mdau kaniuliza kwa nini hapa Yeoville ikipita BMW ya zamani ya milango miwili mtaa mzima unageuza shingo, wakati mpya ziko kibao. Jamani, lile si gari tu, lina historia yake.

Umbo lenyewe ni E30, la miaka ya 80. Wajerumani walitengeneza toleo kali la M3, ila usukani wake ulikuwa kushoto tu. Huku Bondeni, kama nyumbani, usukani uko kulia, kwa hiyo M3 haikuletwa. Basi kiwanda cha BMW cha Rosslyn, karibu na Pretoria, kikajitafutia dawa. Mwaka 1985, kwa msaada wa Alpina ya Ujerumani, wakachukua injini ya lita 3.2 ya ile BMW kubwa ya mabosi wakaisukumiza ndani ya hako kagari kadogo. Wakaiita 333i. Mpaka 1987 zilikuwa zimetoka 204 tu, basi!

Sasa sikieni utamu wake. Injini ilijaza boneti mpaka pakakosekana nafasi, ikabidi mnunuzi achague: ama kipupwe, ama pawa stelingi. Vyote viwili haviingii! Yaani mtu katoa mapesa yote yale, halafu anachagua atokwe jasho kwa joto au kwa kukata kona. (Mimi ningechukua kipupwe, mikono ipate mazoezi.)

Miaka hiyo Yeoville kisheria ilikuwa ya Wazungu. Sheria ya kugawa makazi kwa rangi ilifutwa 1991, kwa hiyo waliokuwa wakilengwa na gari lile hawakuwa watu wa rangi yetu. Lakini ndugu yake, 325iS, iliyoongezwa injini hadi lita 2.7 ili ipambane na Opel Kadett Superboss mashindanoni, ilivuka ikafika Soweto. Huko wakaiita Gusheshe. Likawa gari la wahuni wenye majina, na akizikwa mmoja wao wenzake walikuwa wanalizungusha palepale mpaka matairi yafuke moshi. Mchezo huo wa kuzungusha ulikuja kutambuliwa rasmi kama mchezo wa magari mwaka 2014!

Siku hizi lile fumbo la 1985 mafundi wana jibu lake: unafunga stelingi ya umeme, mota yake inajificha chini ya dashibodi, na kipupwe kinapata nafasi yake kwenye injini. Hapo bado redio ya kuunga na simu, viti vya ngozi, breki kubwa. Wapenda asili wanapandwa na hasira, wanasema ukitoboa dashibodi ya 333i umeua moja kati ya zile 204, na hairudi tena. Nakubaliana nao kwa hiyo 333i, iacheni na jasho lake. Ila Gusheshe fungeni chochote mnachotaka, maana heshima lililo nayo leo lilipewa na vijana wa mitaani, kiwanda hakikuwemo.

Haya, nisalimieni wote hapo nyumbani, na bibi mwambieni nakula vizuri.