Tahadhari unapotiwa dawa ya kupanua mboni ya jicho

Mgonjwa wa kisukari hushauriwa kukaguliwa retina angalau mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vyema. Retina iko nyuma ya jicho, na daktari huiona vizuri zaidi mboni inapopanuliwa kwa matone ya dawa.

Dawa itumiwayo sana, tropikamidi, huanza kufanya kazi baada ya dakika 20 hadi 30. Kwa muda wa saa 4 hadi 6, na pengine zaidi, mwangaza huumiza macho na maandishi ya karibu hayasomeki. Kwa hivyo, usiendeshe gari wala pikipiki hadi uone sawasawa. Beba miwani ya jua na uandamane na mtu wa kukuongoza njiani.

Kabla ya kutiwa dawa, mweleze mhudumu iwapo una glakoma, maradhi ya moyo, shinikizo la damu au mimba. Ukishatiwa, fumba jicho na ubonyeze taratibu kona iliyo karibu na pua kwa dakika 1 au 2, ili dawa isiingie kwa wingi mwilini. Hatua hii ni muhimu hasa kwa watoto.

Kwa watu wachache, dawa hii huziba njia ya maji ya jicho na kupandisha shinikizo ndani yake. Ukipatwa na maumivu makali ya jicho, wekundu, kutapika au kuona duara za rangi kuzunguka taa, rudi hospitalini mara moja. Kuchelewa kunaweza kukupofusha.