Nguo ilipoanza kuuchagua mwili

Miaka mia moja iliyopita, mwanamke mnene wa Kimasai huko Oldonyo Sambu, mkoani Arusha, hakuwa na shida ya saizi. Ngozi iliyolainishwa, na baadaye shuka la dukani, ilifungwa begani ikaufuata mwili. Akijifungua, akinenepa au akikonda, alihamisha fundo tu. Pwani nako kanga, iliyoenea kutoka Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, iliuzwa kwa doti, na doti haikumuuliza mtu kiuno chake.

Suala la vipimo lilikuja na nguo ya kushonwa, na mkoani Arusha lilikuja pia kwa amri. Mwaka 1968 kampeni ya serikali ya kuwavua Wamasai lubega, vazi hilo la kufunga begani, ili wavae suruali na magauni ilishika kasi. Waliokaidi walizuiwa hata kupanda mabasi. Hoja ilikuwa maendeleo na sura ya taifa, wala unene haukutajwa. Kampeni ikafifia, shuka likabaki. Lakini gauni lina kifua, kiuno na mikono, na kila kimoja kinaweza kubana.

Aliyeokoa jahazi ni fundi cherehani. Viwanda vya enzi ya Ujamaa, kama Kiltex ya Arusha na Urafiki ya Dar es Salaam, vilitoa vitambaa, na fundi akapima mwili uliosimama mbele yake. Mwanamke mnene aliongeza mita za kitambaa, hakuongezewa aibu.

Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, mitumba ikamiminika. Sasa nguo ilikuja imeshakatwa kwa mwili wa mtu mwingine. Hata hivyo, kwa wanene haikuwa hasara tupu. Marekani, biashara ya nguo zao ilikuwa na umri mkubwa: Lane Bryant, duka lililoanzishwa New York mwaka 1904 na kupata jina kwa nguo za wajawazito, liligeukia baadaye wateja wanene. Kwa hiyo belo la mtumba lilikuwa na saizi kubwa. Nguo mpya kutoka China ndizo zilizowatesa wengi, maana anayeenea XL ya mtumba huweza kukwama mabegani kwenye XL ya dukani.

Matangazo nayo yalikuwa na mwili yalioupendelea. Miss Tanzania iliporejea mwaka 1994 baada ya marufuku ya miaka mingi, wembamba ukapanda jukwaani, ilhali majumbani unene uliendelea kusifiwa kuwa dalili ya kutunzwa. Sanamu za madukani zikafuata jukwaa.

Simu ya mkononi ndiyo iliyoleta mageuzi. Kwenye Instagramu na WhatsApp, wauzaji hutangaza waziwazi “nguo za mabonge”, wengine wakizivaa wenyewe mbele ya kamera. Mteja aliyekuwa akipekua rundo zima kutafuta kipande kimoja sasa anatafutwa yeye.

Mtumba wenyewe nao uliwahi kuwekwa hatarini: mwaka 2016, viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa ifikapo 2019. Mjadala ukahusu viwanda, ajira na tishio la Marekani la kutuondoa kwenye AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, na azimio likalegea. Siku likirudi mezani, kiwanda kinachotaka kurithi nafasi ya mtumba kianze na kazi aliyoifanya fundi siku zote: kumpima mteja kabla ya kukata kitambaa.