Kipimo ni cha Nani? Safari ya Kilogramu

Nilipokuwa shule ya upili nilimsaidia nyanya kuuza mahindi. Mnunuzi alikuja na gorogoro lake mwenyewe. Hapa Kenya gorogoro moja la mahindi huhesabiwa kuwa kilo mbili, lakini la huyo lilikuwa limegongwa kwa ndani hadi kitako kikabenuka nje. Nilipopima gorogoro moja kwa mizani ya duka la jirani, nilipata kilo mbili na robo. Nyanya alisema tu, "Wachana naye, mjukuu wangu. Mwenye mkebe ndiye mwenye soko."

Baadaye, katika somo la fizikia, nilifundishwa kilogramu kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni. Katika insha hii nitaonyesha kwamba ilitokana na ugomvi kama ule wa nyanya.

Kabla ya mapinduzi ya 1789, jina moja la kipimo cha nafaka nchini Ufaransa liliweza kumaanisha ujazo tofauti katika miji miwili jirani. Wakulima waliwalipa mabwana wenye ardhi kwa nafaka, na mara nyingi bwana ndiye aliyetunza chombo cha kupimia. Watu walibishana kama chombo kijazwe hadi kifurike au kisawazishwe mdomoni. Wananchi walipoandika malalamiko yao kwa mfalme mwaka 1789, suala la vipimo lilijitokeza tena na tena.

Wanasayansi wakatafuta kipimo kisichokuwa mali ya bwana yeyote. Mwaka 1791 iliamuliwa kwamba mita iwe sehemu moja kati ya milioni kumi za umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Delambre na Méchain wakatumwa kupima ardhi kati ya Dunkirk na Barcelona. Sheria ya 1795 ikaifanya gramu kuwa uzito wa maji yanayojaza sentimita moja ya ujazo.

Lakini muuzaji hawezi kutembea na maji kila aendako. Mwaka 1799 likatengenezwa jiwe la mizani la platini. Mwaka 1875 nchi 17 zilitia sahihi Mkataba wa Mita mjini Paris, na mwaka 1889 jiwe jipya, la platini na iridi, likawa kilogramu ya dunia nzima. Lilifungiwa Sèvres, karibu na Paris. Kwa hiyo ulimwengu ulirudi kutegemea kifaa kimoja kilicho chini ya kufuli.

Jiwe hilo lilipolinganishwa na nakala zake, ilionekana kwamba katika muda wa karne moja zilikuwa zimeachana kwa takriban maikrogramu 50. Haikuwezekana kusema kama jiwe limepungua au nakala zimeongezeka, maana kwa sheria jiwe lilikuwa kilo moja daima. Mwenye mkebe hakosei!

Tarehe 16 Novemba 2018, wajumbe waliokutana Versailles walipiga kura kuliacha jiwe hilo. Tangu 20 Mei 2019, kilogramu hufafanuliwa kwa namba ya Planck, kiasi cha maumbile kisichobadilika. Maabara yoyote yenye vifaa vya kutosha inaweza kuipata kilogramu bila kuomba funguo za Sèvres.

Je, nyanya amepata haki yake? Bado. Historia hii inanifundisha kwamba sayansi inaweza kukitoa kipimo mikononi mwa bwana, lakini kukifikisha sokoni ni kazi ya sheria, ya wakaguzi, na yetu sisi. Likizo iliyopita nilimnunulia mizani ya kuning'iniza. Mnunuzi wa kwanza aliiona, akaenda zake na mkebe wake. Wa pili alisimama, akasoma namba pamoja na nyanya, kisha akalipa.