Mto Tshikapa, 2021: Wavuvi waliona mbele ya maabara

Mwishoni mwa mwezi wa saba 2021, wakaaji wa kando ya mto Tshikapa, jimbo la Kasai, waliona maji yamekuwa mekundu na samaki wamekufa wakielea. Uchafu ulitoka mgodi wa almasi wa Catoca, Angola, ukashuka hadi mto Kasai. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kinshasa waliufuata kwa picha za setilaiti. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa, waziri wa mazingira Ève Bazaiba alitangaza vifo 12 na wagonjwa karibu 4.400. Kampuni ilikubali maji yalivuja, ila ikasema ni mchanga na udongo tu. Hapo chupa iliyochotwa siku ya kwanza na wanafunzi wa kijiji, ikiwa na tarehe, ingekuwa ushahidi mkubwa.